Saizi Ambayo Mwili Haukuikataa

Mume wangu alinitangulia Doha kwa miaka kadhaa. Alikuwa dereva wa shamba la mboga huko Umm Salal, akipakia matango, nyanya na giligilani alfajiri na kuzipeleka kwenye maduka ya mjini. Mimi nilibaki Taveta, na ndoa yetu ikawa ya simu. Nilipopata kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno Abu Hamour, tulikodi chumba Al Mansoura, ndani ya fleti iliyogawanywa kwa mbao. Jirani akikohoa ungedhani amelala katikati yetu. Hatukujali. Tulikuwa mume na mke ambao hawajawahi kukaa nyumba moja zaidi ya likizo, na sasa tulikuwa na mlango wetu wa kufunga. Tulitaka mtoto. Tulilisema jambo hilo waziwazi, hata kanisani kwenye maombi ya Ijumaa, ambayo huko ndiyo siku ya ibada.

Damu ilianza kutoka kila tulipokuwa pamoja. Mara ya kwanza nilidhani ni hedhi imewahi. Mara ya pili yeye ndiye aliyeiona kwenye shuka, akaogopa kuliko mimi. Aliniuliza kama ameniumiza. Nikamwambia hapana, na kweli sikuwa nimesikia maumivu yoyote. Iliporudia tena na tena nikaenda kituo cha afya, wakanipeleka hospitali kubwa, na huko daktari mwanamke mwenye sauti ya chini akaniambia nina saratani ya mlango wa kizazi.

Alinieleza polepole. Imeshapita mahali pa kukatwa, alisema, lakini mionzi inaweza kuitibu. Nitapigwa mionzi kutoka nje na baadaye kutoka ndani, pamoja na dawa za mshipa. Kisha akaniuliza kama nina watoto.

"Bado," nikasema.

"Mionzi itafunga kizazi na mayai," akasema. "Nakwambia sasa ili usije ukaambiwa baadaye."

Nilitoka nje nikamkuta mume wangu kwenye kiti cha plastiki, kofia yake ya kazi mapajani. Nilimwambia habari ya saratani. Habari ya kizazi nilimwambia jioni, baada ya kula. Alikusanya sahani, akaenda kuziosha kwenye jiko la pamoja, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alisema, "Wewe upone tu. Hayo mengine Mungu anajua." Naamini alimaanisha. Siku hiyo alimaanisha kila neno.

Sitasimulia matibabu. Walioyapitia wanajua, na ambao hawajayapitia nawaombea wasijue. Nitasema tu kwamba yalipokwisha, nywele zangu zilikuwa bado zipo, kliniki ya meno ilikuwa bado imenishikia kazi, na watu wa kanisa walinipiga picha wakisema nimependeza. Ndani nilikuwa kama nyumba iliyoungua huku kuta za nje zimesimama. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu na nilipatwa na joto la ghafla la wanawake waliokoma hedhi. Nilikaa mapokezi chini ya kiyoyozi, jasho likinitoka mgongoni, nikiwatabasamia wagonjwa wa meno.

Wiki chache baada ya mionzi nikaitwa na muuguzi aliyeshughulikia wanawake waliotibiwa kama mimi. Alikuwa Mkenya mwenzangu, mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Wote tulimwita sista. Alifunga mlango, akanikaribisha kwa Kiswahili, akaweka taulo juu ya meza na juu ya taulo akapanga vitu vitano vya plastiki nyeupe, laini, vyenye ncha ya mviringo. Cha kwanza kilikuwa chembamba kama kidole changu. Cha mwisho sikutaka kukitazama.

"Hivi vinaitwa vipanuzi," akasema. "Mionzi inaacha makovu ndani ya uke. Makovu yanavuta, njia inakuwa nyembamba, wakati mwingine inajifunga kabisa. Ukitumia hivi mara chache kwa wiki, njia inabaki wazi. Ni mazoezi kama ya mtu aliyevunjika mguu."

Nilitazama ukutani. Kulikuwa na picha ya mti wa mtende.

"Nianze na kipi?" nikauliza, kwa sababu nilitaka yaishe.

"Chagua mwenyewe."

"Mimi sijui, sista."

"Hakuna anayejua akiwa hapa mezani. Utajua kwako. Utapaka hii jeli, utalala chali, magoti juu, utapumua. Ukikiweka kikaingia bila wewe kukunja uso, hicho ndicho chako kwa sasa. Ukikunja uso, rudi nyuma. Saizi nzuri ni ile ambayo mwili hauikatai. Usilinganishe na mtu. Usilinganishe na mumeo."

Alisema neno hilo la mwisho bila kucheka, na mimi sikucheka pia. Aliniwekea vyote ndani ya mfuko mweusi wenye zipu, akatia na mirija ya jeli. Nilirudi nyumbani kwa basi nikiwa nimeukumbatia mfuko ule kifuani, nikaufukia kabatini nyuma ya mablanketi tuliyoletewa na kampuni wakati wa baridi.

Sikuugusa. Kila siku nilijiambia kesho. Chumba kile hakikuwa na siri. Nilifikiri jirani atasikia hata zipu. Na zaidi ya hayo sikutaka kupaona mahali pale tena. Palikuwa pameshikwa na watu wengi mno, wenye glavu, wakizungumza lugha nisizozijua juu ya kichwa changu.

Mume wangu ndiye aliyeufungua. Ilikuwa Jumamosi mchana, nimetoka kwenda bakala, kiduka cha mtaani, kununua maziwa, na yeye alikuwa akitafuta blanketi la kumfungia jirani mzigo wake. Niliporudi nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, vitu vyote vitano vimepangwa mbele yake kwenye godoro kwa mstari, kuanzia kidogo hadi kikubwa. Alikuwa ameufunga mlango kwa ndani, ikabidi nigonge kwenye chumba changu mwenyewe.

"Hivi ni nini?" akaniuliza kwa sauti ya kunong'ona.

Kabla sijajibu akaendelea. "Unajua nchi hii? Kule kambi ya wafanyakazi kuna jamaa aliagiza mambo kama haya kwenye simu, ya mke wake. Walimshika posta. Wewe umevipata wapi? Nani amekuletea?"

"Hebu ngoja."

"Kama mimi sikutoshi ungeniambia. Mimi nimenyamaza kwa sababu unaumwa. Nimesema nitangoja hata mwaka. Kumbe wewe umejinunulia."

Nilianza kucheka. Sikuweza kujizuia. Nilicheka hadi nikakaa sakafuni, maziwa mkononi, na kucheka kukageuka kilio bila mimi kujua ni wapi kimoja kilikoma na kingine kikaanza. Alishuka akakaa kando yangu. Nilimwambia kila kitu: makovu, njia inayojifunga, mazoezi, sista. Nikamwambia kwamba ninaogopa na sijafungua ule mfuko hata mara moja.

Kisha akachukua kile kidogo kabisa, akakipima kwa kidole chake.

"Hospitali ndiyo imekupa hiki?"

"Ndiyo."

"Na hiki?" Alionyesha kikubwa.

"Na hicho."

"Pole," akasema. "Pole, mwenzangu."

Wiki iliyofuata aliomba ruhusa kazini akaja nami kwa sista. Alivaa shati la kanisani. Sista alimweleza kama anavyomweleza mtu habari ya magongo ya kutembelea, naye akasikiliza mikono ikiwa magotini, akiitikia "ndiyo, sista" kila baada ya sentensi. Mwishoni akauliza swali moja tu: "Akifika cha tano ndipo atakuwa amepona?"

Sista alivua miwani. "Hapana. Kuna wanawake wanaoishia cha tatu na maisha yao ni mazuri tu. Hakuna cheti hapa. Asiumie, basi."

Nilimwona akitikisa kichwa kukubali. Lakini najua alichokibeba kutoka chumba kile ni hesabu: kuna vitano, na mke wangu hajaanza cha kwanza.

Tuliweka utaratibu. Jumamosi alasiri majirani wengi walikuwa kazini au sokoni. Yeye alishuka kwenye kafeteria ya chini kunywa karaki, ile chai yao ya maziwa na viungo, mimi nikafunga mlango. Sikutaka saa. Niliimba kimoyomoyo nyimbo za kitabu cha kanisa, zile ndefu zenye beti nyingi, na zilipokwisha nilijua muda umetosha. Mara ya kwanza hata kile kidogo kilinichoma kama pilipili. Nilikitoa, nikalala nikitazama dari, nikakirudisha. Sista alikuwa ameniambia niache mwili ukikaribishe, nisiulazimishe. Nilitaka kumwambia mwili huu haujakaribisha kitu muda mrefu, umesahau adabu za kukaribisha wageni.

Nikimaliza nilikiosha kwa maji ya moto na sabuni, nikakifuta, nikamtumia mume wangu ujumbe. Alipanda na chapati ya yai mkononi, akanitazama usoni kwanza kabla ya kuuliza. Siku nyingine hakuuliza, aliona tu. Tulikula chapati kwa kugawana. Nikikumbuka miezi ile nasema tulikuwa karibu kuliko wakati mwingine wowote, ingawa hatukugusana zaidi ya mikono.

Cha kwanza kikawa rahisi. Siku moja nilipumua na kikaingia kama hakipo, nikajua nimevuka. Cha pili kilinichukua muda zaidi. Kulikuwa na wiki nilizorudi nyuma, kwa uchovu au kwa huzuni isiyo na jina, na nikajifunza kwamba kilichonifaa wiki iliyopita kinaweza kunikataa wiki hii. Nilimwambia sista, akasema hivyo ndivyo ulivyo mwili, hata viatu vinabana mtu akivimba.

Likizo ya mume wangu ikakaribia. Alikuwa hajaenda nyumbani tangu niugue. Mama yake alikuwa akimpigia kila mara, na chumba kikiwa kidogo nilisikia upande wote wa pili wa maneno. Alimuuliza kama nimenenepa. Kama tumbo linauma. Kama kuna habari njema. Yeye alijibu, "Tunaendelea vizuri, mama," na kutoka nje na simu.

Nilitaka asiondoke hivyo. Nilitaka awe na kitu cha kuondoka nacho, awe amelala na mkewe kabla ya kukaa mbele ya mama yake. Sikumwambia. Jumamosi ya mwisho kabla ya safari, alipokuwa ameenda shambani kukabidhi gari, nilifungua mfuko, nikakipita cha tatu na kuchukua cha nne. Nilipaka jeli nyingi. Nilijiambia ni kuuma meno tu.

Sikujua kwamba ndani ya mtu panaweza kuchanika kimya hivyo. Maumivu yalikuja baada ya damu. Nilijifunga taulo, nikakaa sakafuni nimeegemea kitanda, nikampigia.

Alikuja na lile gari la shamba, alikuwa bado hajalikabidhi. Alinishusha ngazi akinishika kiuno, akaniketisha mbele, na tukaenda hospitali huku gari zima likinuka giligilani na vitunguu vya majani. Kwenye kila taa nyekundu alinitazama. Hakuniuliza kilichotokea. Nilimwambia mwenyewe, tulipokuwa tumekwama kwenye mzunguko wa barabara, kwamba nilitumia cha nne.

"Kwa nini?"

"Unaondoka."

Alishika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele. "Mimi nilikuomba hicho?"

"Hukuniomba."

Jeraha halikuwa kubwa. Walinitibu wakaniambia nipumzike, nisitumie chochote hadi pakauke. Sista aliposikia alikuja mwenyewe wodini. Alinifunika miguu vizuri, akakaa.

"Nani alikukimbiza?" akauliza.

"Hakuna."

"Hakuna mtu anayekimbia bila kukimbizwa, mama." Alinishika mkono hadi nikasinzia.

Mume wangu alisafiri kama ilivyopangwa, tiketi ilikuwa imekatwa na kampuni. Aliporudi baada ya likizo alikuwa mtu mwingine, na si kwa ubaya. Aliniletea ndizi zilizokaushwa na mama yangu, akaniletea leso. Aliniuliza hali yangu kila siku. Lakini aliacha kunigusa. Zamani usiku alikuwa akiweka mguu wake juu ya wangu, tabia yake tangu tuoane. Sasa alilala ukingoni, mgongo wake sawasawa na ukingo wa godoro. Nikimsogelea alijifanya amelala. Siku moja nilimuuliza wazi kama amenichoka.

"Sijakuchoka," akasema. "Naogopa. Nikifunga macho naona lile taulo."

"Nimepona. Nimerudi kwenye cha pili. Nitafika tu."

"Usifike kwa ajili yangu," akasema. "Tafadhali. Usifike popote kwa ajili yangu."

Alidhani ananipa nafuu. Mimi nilisikia mlango ukifungwa.

Tuliishi hivyo muda mrefu, watu wawili wapole. Nilifika cha tatu. Nilimwambia, akasema, "Hongera," na akaniletea chapati kama zamani, lakini hakukaa kula. Kisha mwenye shamba akapunguza madereva. Mkataba wa mume wangu haukuendelezwa, na hakupata kazi nyingine kabla muda wake wa kukaa nchini haujaisha. Tulizungumza turudi wote. Yeye ndiye aliyekataa. Alisema madaktari wanaonifuatilia wako hapa, mashine ziko hapa, kazi yangu iko hapa, nyumbani tutaanzia wapi. Alisema atatangulia na kuangalia. Tuliagana uwanja wa ndege katikati ya mchana, watu wengi wakitupita na maboksi yao yaliyofungwa kamba. Alinikumbatia kwa nguvu. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi mwili wake wote kunigusa, na niliona jinsi ulivyonikumbuka.

Habari ilinifikia kwa mdomo wake mwenyewe. Hilo namshukuru hadi leo. Alinipigia Jumamosi asubuhi, nikiwa nafua.

"Uko wapi?" akauliza.

"Nyumbani."

"Kaa chini kidogo."

Nikakaa. Mikono yangu ilikuwa na povu.

"Kuna mtu," akasema. "Mama alinitafutia mke. Nilikataa mwanzoni. Sitaki kukudanganya kwamba nilikataa mpaka mwisho."

Nilimsikia akivuta pumzi.

"Ana mimba," akasema.

Nje mtoto wa jirani alikuwa anaburuta gari la plastiki kwenye korido. Nilisubiri lipite.

"Ahsante kwa kuniambia wewe mwenyewe," nikasema.

Alianza kulia. Nilimsikiliza akilia. Nilimpenda mtu huyo, na nilijua hata wakati ule kwamba hakunitenda ubaya wa makusudi. Alitaka mtoto tangu kabla sijafika Doha, na mimi nilitaka pia. Tofauti ni kwamba yeye bado aliweza. Nilimwambia nina nguo kwenye maji, nikakata simu, nikamaliza kufua. Nilizianika kwenye kamba ya kibarazani na za kwanza zikakauka kabla sijafika ya mwisho, kwa jua la hapa.

Mfuko mweusi niliurudisha nyuma ya mablanketi. Nilihama chumba kile, nikaenda kukaa na mabinti wa kanisani, na mfuko nikauhamisha bila kuufungua. Sikuona sababu. Mazoezi ni ya mtu anayesubiriwa, nilijiambia, na mimi sisubiriwi na yeyote.

Ukafika wakati wa kuonwa na daktari. Nilipanda kitanda, miguu ikawekwa kwenye vishikio, na daktari alipojaribu kunipima nilipiga yowe. Sikuwa mtu wa kupiga mayowe hata wakati wa mionzi. Alijaribu kifaa kidogo zaidi, kikashindikana. Alisema hawezi kuona ndani, na asipoona hawezi kujua kama ugonjwa umerudi. Wakamwita sista.

Alinikuta nimevaa, nimekaa kitini, nimekunja mikono.

"Umeacha?" akauliza.

"Nimeacha."

"Tangu lini?"

"Tangu mume wangu aoe." Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema kwa sauti. "Nitafanya kwa ajili ya nani, sista? Sina mtu."

Aliketi mbele yangu, magoti yake karibu kugusa yangu. Nilidhani atanipa mahubiri.

"Na wewe si mtu?" akasema.

Akasimama, akatandaza taulo kama siku ile ya kwanza. Nilimwomba asivitoe vyote. Akatoa kile kidogo peke yake, akaniwekea kiganjani.

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kuanza. Mara ya kwanza nilikuwa na mtu chini kwenye kafeteria. Sasa nilifunga mlango na hakukuwa na wa kumtumia ujumbe. Mabinti niliokaa nao walikuwa wanaenda kazi zao, na nyumba ilinyamaza kabisa isipokuwa kiyoyozi. Nililala chali, nikapumua, nikaimba. Nililia mara nyingi. Lakini kwa kuwa hakuna aliyengoja, hakukuwa na haraka pia. Nilikaa na cha kwanza hadi nilipokizoea kabisa. Nikaenda cha pili. Nikakaa.

Kuna alasiri moja nilikuwa na cha pili, wimbo umefika ubeti wa mwisho, nikasikia kitu nilichokuwa nimesahau. Hakikuwa maumivu. Kilikuwa joto dogo, laini, mahali nilipodhani pamekufa kabisa. Hakikudumu. Nilishtuka, nikaweka mkono tumboni, nikangoja kama kitarudi. Hakikurudi siku hiyo. Nilihuzunika kuliko siku zote zilizotangulia, kwa sababu ilimaanisha bado niko hai pale, na aliyepajua hayupo.

Nilipofika cha tatu nilikaa nacho. Sista aliniuliza kama nataka kujaribu cha nne, taratibu, akinisimamia kwa ushauri. Nilifikiri sana. Nilijaribu kidogo, siku moja, nikakunja uso, nikakirudisha mfukoni.

"Hiki cha tatu kinanitosha," nikamwambia.

"Kinakutosha au umekata tamaa?"

"Kinanitosha. Kinaingia vizuri, kinakaa vizuri, sijisikii kama napigana na mtu."

"Basi ni hicho," akasema, na akaandika.

Vile vikubwa viwili nilimrudishia. Alisema havitumiki tena na mtu mwingine, kwa hiyo vitatupwa. Aliuliza kama nina uhakika. Nilikuwa nao. Daktari aliponipima tena alitumia kifaa cha kawaida, na nilitazama dari nikipumua, na akasema anaona vizuri, pako safi. Nilivaa nguo zangu. Nikarudi kazini nikawahi wagonjwa wa alasiri.

Mtoto wa mume wangu alizaliwa salama. Aliniambia kwa ujumbe, bila picha, na mimi ndiye niliyeomba picha. Ni msichana, ana paji la uso la baba yake. Niliandika "Mungu amkuze," nikaitazama ile picha wakati wa chakula cha mchana hadi chai ikapoa.

Mama yangu ndiye mtu pekee wa nyumbani niliyekuja kumsimulia. Kwa miaka aliuliza tu "ule ugonjwa unaendeleaje," na mimi nikajibu "unaendelea vizuri," kana kwamba ugonjwa ni shamba. Siku moja aliuliza tena, na sijui kwa nini, nilimweleza. Nilimwambia kuhusu makovu, kuhusu vipanuzi, kuhusu cha kwanza hadi cha tano, na kwamba nimeishia cha tatu. Nilitumia maneno ambayo hatujawahi kuyatumia, mimi na yeye. Alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika.

"Mama?"

"Nipo."

"Nimekuudhi?"

"Hapana." Akakohoa. "Nilipokuzaa wewe nilichanika vibaya. Walinishona pale zahanati, wakanirudisha nyumbani. Baba yako alingoja siku zile walizosema, kisha hakungoja tena. Iliniuma miaka. Nilidhani ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Hakuna aliyeniuliza kama inauma."

Nilikaa kitandani na simu sikioni. Nilimuuliza kama bado inamuuma.

"Baba yako amekufa siku nyingi," akasema. "Sasa haiumi."

Nilimsikia akitembea, mlango wa jikoni ukilia, kuni zikisukumwa. Kisha akaniuliza kama nimekula, na huku Doha kuna joto kiasi gani leo, na nikamwambia ni jingi, mama, huwezi hata kushika kitasa cha mlango.